Bwawa Ndani ya Kibao Kimoja: Kisa cha Mwanafunzi Aliyetaka Chapa Zake Zitembee

Kisa hiki ni cha mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uchoraji wa vielelezo. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake msimamizi. Ameruhusu kisimuliwe. Nimeondoa jina lake, chuo, mwaka, na lolote ambalo lingemtambulisha. Hesabu za saa, vibao na fremu (picha moja moja za filamu) nimeziacha kama zilivyo kwenye daftari lake la kazi, kwa sababu bila hizo kisa chenyewe hakina cha kufundisha. Makosa mengine humu ni yake, mengine ni yangu.

Usuli

Kazi waliyopewa darasa zima ilikuwa fupi: chagua hadithi, tengeneza vielelezo 12 vya kitabu, kisha kutokana na vielelezo hivyo toa uhuishaji (filamu ya michoro inayosogea) usiozidi dakika moja. Muda ulikuwa wiki 10. Mbinu, kila mtu na yake.

Mwanafunzi huyu alikuwa na hadithi aliyoitunga mwenyewe. Korongo mmoja anakaa kando ya bwawa. Maji yanapungua siku hadi siku, ndege wenzake wanaruka kwenda zao, yeye habanduki. Mwishoni mvua inanyesha. Hakuna maneno wala mhusika mwingine wa maana. Alitaka kuifanya yote kwa chapa za lino: unachonga kwenye kibao, yaani kipande cha linoleamu, unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi juu, unasugua. Ulipochonga pabaki peupe, ulipoacha pashike wino.

Lino si kitu kilichobuniwa kwa ajili ya wasanii. Ni zulia la sakafuni lililotengenezwa Uingereza miaka ya 1860 kwa mafuta ya kitani yaliyogandishwa pamoja na unga wa koki, gome linalotengenezewa vizibo. Wachapaji walilipenda kwa sababu halina nyuzi kama mbao, kwa hiyo patasi hupita upande wowote bila kukwama. Mwanafunzi wangu alilipenda kwa sababu nyingine, na aliniambia siku ya kwanza kabisa: “Mwalimu, mstari wa lino haudanganyi. Ukitetemeka mkono, unaonekana.”

Kuchonga alikuwa anakuweza. Siku hiyo alileta chapa moja ya korongo akiwa amesimama kwa mguu mmoja, manyoya ya kifuani yamechongwa kwa mikwaruzo mifupi mifupi kama mvua ya rasharasha. Niliitazama muda mrefu. Nikamwambia aendelee. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza: niliisifu chapa nikasahau kuuliza hesabu.

Hesabu ambayo hakuna aliyeipiga

Filamu ya kawaida hupitisha fremu 24 kwa sekunde. Wahuishaji wengi hupunguza kazi kwa kuonyesha kila mchoro kwa fremu mbili, hivyo michoro 12 kwa sekunde hutosha na jicho halilalamiki. Yeye alipanga filamu ya sekunde 40. Hizo ni chapa 480. Mpango wake wa kazi uliandika, kwa herufi nzuri zilizonyooka, “kibao kimoja kwa kila chapa”.

Kibao cha sentimita 16 kwa 9 kilimchukua takriban saa mbili kuchonga. Saa alizokuwa nazo kwa mradi huu, ukiondoa masomo mengine, zilikuwa kama 18 kwa wiki, yaani 180 kwa wiki zote 10. Vibao 480 vilihitaji saa 960, na hapo hujapaka wino hata kimoja.

Namba hizi hatukuzijua kwa kukaa chini na kalamu. Tulizijua mwisho wa wiki ya tatu, alipokuja na chapa 11 amezipanga mezani kwangu kama karata, vidole viwili vimefungwa plasta. Nikazikusanya, nikazibana upande mmoja, nikazipeperusha kwa kidole gumba. Korongo akainua shingo. Basi. Ilikuwa imekwisha kabla sijavuta pumzi. Wiki nzima ya kazi haikufika sekunde moja.

Alicheka kwanza, halafu akanyamaza. Nami nilinyamaza, maana mpango ule niliusaini mimi.

Jambo la pili lilijitokeza siku hiyo hiyo, dogo kwa sura. Chapa hugeuza picha kama kioo. Kwenye storibodi (michoro ya kupanga filamu) korongo alikuwa anatazama kulia. Kwenye chapa zote 11 alikuwa anatazama kushoto. “Si neno,” tukasema, “kwenye kompyuta tutaigeuza.” Tuliigeuza kweli kwenye filamu. Kwenye kitabu, jambo hilo lilikuja kutudai baadaye.

Uamuzi wa kwanza: kuvunja korongo vipande

Tatizo lake lina umri sawa na uhuishaji wenyewe. Mwaka 1908 Mfaransa Émile Cohl alitoa filamu ya takriban dakika moja na nusu kwa kuchora karibu michoro 700, mmoja mmoja. Aliweza kwa sababu alichora mistari myepesi tu, bila mandhari nyuma. Mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd akaomba hataza ya kuchora wahusika kwenye karatasi angavu za seluloidi, ili mandhari ichorwe mara moja na kubaki chini yake. Kila aliyeingia kazi hii amelazimika kujiuliza swali lile lile: kipi kinasogea kweli, na kipi kinachorwa upya bure?

Tulikuwa na njia tatu mbele yetu. Kwanza, kufupisha filamu hadi sekunde tano au sita na kubaki na mpango wa kibao kwa kila fremu. Aliikataa, na alikuwa na haki: hadithi ni ya kungoja, na kungoja hakuingii katika sekunde sita. Pili, kuchapa vielelezo 12 na kuvisogeza kamera ikivipitia. Hiyo niliikataa mimi. Huko ni kupiga picha ya kitabu, si kuhuisha. Tatu, kumvunja korongo vipande.

Akachukua ya tatu. Mjerumani Lotte Reiniger alikuwa amefanya hivyo kwa vivuli vya kadibodi vyenye viungo vilivyofungwa kwa waya, na mwaka 1926 akatoa filamu ndefu nzima kwa njia hiyo. Mwanafunzi wangu hakuhitaji waya. Alichonga kiwiliwili kimoja, shingo tano za mikunjo tofauti, vichwa viwili, miguu mitatu na mabawa manne. Vibao 15. Kila kimoja alikichapa mara sita, akaziskani chapa zote 90, akaziunganisha kwenye programu ya uhuishaji fremu kwa fremu.

Kwa nini mara sita? Hili ndilo wazo lake bora katika sehemu ya korongo, na halikutoka kwangu. Hakuna chapa mbili za mkono zinazofanana: hapa wino umejaa, pale umepungua, pengine vitone vyeupe vimebaki pale karatasi haikushika. Ukizungusha chapa sita za kiwiliwili kimoja, kiwiliwili hakisogei, lakini kinapumua. Ndege amesimama tuli na bado yu hai.

Kulikuwa na kero moja ambayo tungeiona mapema kama tungejaribu mapema. Kwenye kompyuta, sehemu nyeupe za chapa zilikuwa zinapitisha kilicho nyuma, hivyo mstari wa maji ulimkata korongo tumboni kama amevaa mkanda. Ilibidi akate umbo jeupe la kila kipande na kuliweka chini yake. Umbo 15, jioni mbili. Tukaendelea.

Uamuzi wa pili: kuchonga bwawa likauke

Hapa ndipo mradi ulipopata moyo wake, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Wiki ya nne alikuwa bado hajui afanyeje na maji. Bwawa linapungua, kila hatua ya kupungua ni umbo jipya, umbo jipya ni kibao kipya. Tulikuwa tumerudi kwenye hesabu ile ile. Nikamweleza mbinu ya kibao kinacholiwa, inayotumika kuchapa rangi nyingi kwa lino moja: unachonga kidogo, unachapa nakala zote kwa rangi ya kwanza, unachonga tena kibao kile kile, unachapa rangi ya pili juu yake, hivyo hivyo mpaka kibao kinakaribia kwisha. Mchoraji Picasso alifanya chapa nyingi za lino kwa njia hiyo. Nilimweleza kwa ajili ya kitabu, ili apate rangi mbili tatu kwenye jalada.

Alinisikiliza, akachukua kipande cha lino kilichokuwa mezani, akakitazama kama mtu anayesoma saa. Kisha akasema: “Kwa hiyo ninachochonga hakirudi.”

“Hakirudi.”

“Kama maji.”

Aliondoka na kile kipande. Kesho yake akaja na chapa sita za bwawa moja. La kwanza lilikuwa jeusi, limejaa hadi kingo. La sita lilikuwa limesinyaa kwa upana wa kucha. Kati ya chapa moja na nyingine alikuwa amenyoa ukingo wa maji kwa patasi ya mdomo mpana kwa dakika nne au tano tu. Kibao kimoja. Kila alichokiondoa kiliondoka pia kwenye hadithi.

Hatua zilifika 64. Kila chapa aliionyesha kwa fremu tatu badala ya mbili, kwa kuwa ukame hauna haraka, na bwawa likakauka kwa sekunde nane. Kazi yote, kuchonga na kuchapa, ilimchukua takriban saa 13. Kwa mpango wa zamani hatua 64 zingekula saa 128 za kuchonga peke yake.

Lino lina tabia moja ambayo wanafunzi wengi huipigania: unapochonga eneo kubwa, patasi huacha vituta vyembamba katikati ya njia zake, navyo hushika wino. Chapa hutoka na michirizi mahali palipotakiwa pawe peupe. Kawaida huwa nawaambia waisafishe. Yeye alipofika hatua ya kumi hivi, aliona kwamba michirizi iliyobaki pale maji yalipokuwa inafanana na matope yaliyopasuka. Akaacha kuisafisha. Kuanzia hapo alianza kuchonga kwa kuipanga: kiharusi kirefu pale alipotaka ufa mrefu, vifupi vya kukatana karibu na ukingo. Ukiitazama filamu, ardhi kavu inajichora yenyewe nyuma ya maji yanayorudi.

Mbinu hii ina ukatili wake. Alikuwa anachapa nakala moja tu kwa kila hatua, ili aokoe karatasi. Siku ya hatua ya 41 alipitia chapa zilizoning'inia akakuta ile ya 23 ina alama ya kidole gumba katikati ya maji, kubwa kama sarafu, na wino umeburutwa. Kibao cha hatua ya 23 kilikuwa hakipo tena duniani. Alikaa chini sakafuni.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa kuishikilia chapa ya 22 kwa fremu sita badala ya tatu. Ilikuwa robo sekunde tu, lakini jicho liliikamata papo hapo, maji yakawa yamegota. Suluhisho lilitoka kwenye mantiki ya kibao chenyewe. Kilicho cheusi kwenye hatua ya 24 lazima kilikuwa cheusi kwenye ya 23. Kilicho cheupe kwenye ya 22 lazima kilikuwa cheupe kwenye ya 23. Kilichokuwa na shaka ni ule utepe mwembamba kati ya kingo mbili. Akachukua skani ya 22, akafuta nusu ya utepe huo, akapata hatua ya 23 ambayo sijaona mtu aliyeigundua. Baada ya hapo, nakala mbili kwa kila hatua.

Milimita moja ni pikseli 12

Jambo hili ni la kiufundi kavu, lakini ndilo lililokaribia kuua filamu, kwa hiyo halirukiki.

Chapa ya upana wa sentimita 16 ikijaza fremu ya upana wa pikseli 1920 (nukta ndogo zinazounda picha), kila milimita ya karatasi ni pikseli 12 kwenye kioo cha kompyuta. Mwanzoni alikuwa analenga karatasi kwa alama za msalaba za penseli kwenye pembe. Kwa chapa ya ukutani, kupotea kwa milimita moja hakuna atakayejua. Kwenye filamu, bwawa lilikuwa linaruka kushoto na kulia kama limewekwa juu ya gari bovu.

Wachapaji wa mbao wa Kijapani huchonga ndani ya kibao chenyewe alama mbili, moja ya pembe na nyingine ya mstari, karatasi ikaegemea humo, huziita kento. Wahuishaji nao tangu zamani hutoboa karatasi na kuzivika kwenye vipini vilivyofungwa mezani. Aliunganisha vyote viwili. Alichukua kadibodi nyembamba kuliko lino ili rola isiiguse, akakata dirisha la ukubwa wa kibao, kibao kikakaa humo bila kucheza. Juu yake akafunga vipini viwili, na kila karatasi ikatobolewa kwa mashine ya kawaida ya ofisini kabla ya kuchapwa. Mruko ukapungua hadi pikseli moja au mbili. Faida ya ziada ni kwamba matundu yalionekana kwenye skani, hivyo kompyuta ilipolinganisha fremu ilishika matundu, si picha.

Chapa zilizochapwa kabla ya kadibodi, hatua 1 hadi 9, ilibidi zilinganishwe kwa jicho. Ukijua pa kutazama, utaona bwawa linatetemeka zaidi sekunde ya kwanza kuliko zote.

Kuhusu wino, kwa ufupi: alitumia wa mafuta, kwa sababu ule wa maji ulikuwa unakauka kwenye kibao kabla hajamaliza kusugua. Wa mafuta ulichukua siku tatu hadi nne kukauka kwenye karatasi. Kamba zikajaa, karatasi zikajikunja pembe, na kidole gumba kile kilitokana na msongamano huo. Kilichokosekana hapo ni rafu, kipaji kilikuwepo.

Usafi uliopitiliza

Wiki ya nane alikuwa na kila kitu kwenye kompyuta. Wiki hiyo mimi sikuwapo. Aliandaa toleo la kwanza peke yake. Kwa kuwa alikuwa ameteswa na mruko kwa wiki mbili, alitafuta utulivu kwa kila njia. Aligeuza skani zote kuwa nyeusi tupu na nyeupe tupu, bila kijivu. Akafuta vitone. Akaacha programu ilinganishe kingo za maumbo. Kati ya zile chapa sita za kila kipande, akachagua moja iliyo safi kuliko zote, akatupa tano.

Nilikuwa nimerudi alipoionyesha kwa darasa. Mwenzake mmoja aliuliza kwa nia njema kabisa: “Imependeza. Umechora kwa programu gani?”

Sijasahau uso wake. Wiki nane za patasi, na swali lilikuwa la haki. Niliitazama tena baadaye nikaona vivyo hivyo. Mstari wa lino ulikuwepo, ila ulikuwa umekufa, kama sahihi iliyopigwa muhuri.

Akarudi kwenye skani ghafi siku hiyo hiyo, kwa hasira, akaziingiza zote kama zilivyo. Toleo la pili likawa na kosa la upande wa pili. Sasa kila kitu kilikuwa kinachemka: mbingu, matete, mawe, maji, ndege. Jicho halikupata pa kutua, na korongo aliyepaswa kuwa kitovu alipotea ndani ya mtetemo.

Uamuzi uliookoa kazi tuliufanya tukiwa wawili mbele ya kioo, tukizima na kuwasha matabaka ya picha. Mbingu na mawe vilipewa chapa moja isiyobadilika. Matete, chapa tatu zinazopokezana polepole, kila moja fremu nane. Maji yalibaki na mtetemo wake wa asili wa hatua hadi hatua. Korongo peke yake ndiye aliyepewa chapa zote sita, kila fremu mbili. Mara moja ukajua umtazame nani. Ndege wenzake walipokuwa wanaondoka, alifanya kitu ambacho sikumfundisha: kila aliyeruka aligandishwa kwenye chapa moja sekunde nusu kabla ya kuinuka. Wanaonekana kama wameshaondoka wakiwa bado wamesimama.

Matokeo

Filamu iliishia sekunde 31 badala ya 40. Vielelezo vya kitabu vilikuwa saba badala ya 12. Alama zake zilikuwa nzuri, si za juu kabisa. Watahini walilisifu sana bwawa na namna mtetemo ulivyogawanywa. Kitabu walikiita mabaki ya filamu, na sikuweza kukitetea.

Tena kitabu kilikuwa na ule mdai wa wiki ya tatu. Kwenye filamu korongo aligeuzwa akatazama kulia. Kwenye chapa halisi zilizoingia kitabuni alibaki akitazama kushoto, yaani anatazama kurasa ulizokwisha kuzisoma. Msomaji anafunua kwenda mbele, ndege anakaza macho nyuma. Mtahini mmoja alidhani ni makusudi, akalisifia kuwa ni la kina. Mwanafunzi wangu hakumsahihisha, na siwezi kumlaumu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni pale mbinu na hadithi zilipokuwa kitu kimoja. Kibao kinacholiwa hakikuchaguliwa kwa kuwa ni rahisi, ingawa kiliokoa saa nyingi kuliko uamuzi mwingine wowote. Kilichaguliwa kwa sababu hakirudi nyuma. Alichonga kwa hofu, na hofu hiyo inaonekana: ukingo wa maji unasogea kwa tahadhari hatua za mwanzo, unakimbia katikati alipozoea, kisha unasita mwishoni kibao kilipobaki na kisiwa kimoja cha wino. Mwendo huo haukupangwa kwenye storibodi. Mwanafunzi mwingine akiniletea hadithi ya kitu kinachokua, nitamwambia asitumie njia hii, hata kama imemvutia kwenye kazi hii.

Kwa korongo sina uhakika huo huo. Kumvunja vipande kuliokoa ratiba, lakini kuna mahali kwenye shingo ambapo unaona kiungo, na mwendo unakuwa wa kikaragosi. Zile chapa 11 za mwanzo, zile za kibao kwa kila fremu, zina ulaini ambao vipande havikuupata. Tungeweza kuzitumia kama zilivyo kwa ule mwinuko mmoja wa shingo, wakati anaposikia ngurumo, na vipande kwa mengine yote. Zilikuwepo tayari, zimelipiwa kwa plasta na wiki nzima, zikalala kwenye bahasha. Hatukuzikumbuka. Hasira ya hesabu ilitufanya tuzione kama ushahidi wa kosa.

Kosa la toleo safi lilianza muda mrefu kabla ya kompyuta. Kwa wiki mbili neno “mtetemo” lilikuwa na maana moja tu kati yetu: adui. Nilimsaidia kuuwinda hadi pikseli ya mwisho, wala sikumwambia hata mara moja kwamba upo mtetemo wa karatasi iliyokaa vibaya na upo mtetemo wa wino, na kwamba huu wa pili ndio uliomleta kwenye lino tangu mwanzo. Alikuwa ameshaligusa mwenyewe alipochapa kila kipande mara sita. Mwalimu makini angelitaja siku hiyo hiyo. Mimi nilisema tu “safi sana” nikageukia mwanafunzi mwingine.

Kuhusu kitabu, lawama ni ya kazi yenyewe tuliyoipanga. Kuwataka watoe vielelezo kwanza kisha uhuishaji “kutokana na vielelezo hivyo” kunadhania kwamba picha inayosimama na picha inayopita zinatoka kwenye kibao kimoja. Chapa ya hatua ya 37 ni nzuri kwa theluthi ya pumzi ikiwa kati ya 36 na 38. Ukurasani, peke yake, ni doa. Sasa naomba sekunde moja iliyokamilika kufikia mwisho wa wiki ya kwanza, hata iwe mbaya namna gani, pamoja na ukurasa mmoja wa kitabu, na viwili hivyo viwe vimechongwa mbali mbali.

Limebaki jambo moja ambalo mimi na yeye hatujakubaliana hadi leo. Mvua inaponyesha mwishoni, bwawa linajaa tena, na alilijaza kwa kuzirudisha zile chapa 64 kinyumenyume, kwa fremu mbili mbili, sekunde tano na kidogo. Ni maji yale yale yakirudi kwa njia ile ile. Kwangu inaonekana kama mkanda unaorudishwa: nyufa zinafungwa moja baada ya nyingine kwa mpangilio, wakati mvua halisi hutua popote, madimbwi madogo yakaungana. Nilimshauri achonge kibao kipya, hata hatua 20 tu. Alikuwa na siku nne, na wino wa mafuta ungezimaliza zote chapa zikiwa bado hazijakauka kambani.

Lakini yeye anasema hakuacha kwa sababu ya siku nne. Anasema kibao kiliisha kwa sababu kilitakiwa kuisha, na kwamba mvua ile haitoki mbinguni, ni korongo anayekumbuka. Kile kibao bado anacho. Nilikishika mara ya mwisho alipokuja kuchukua vitu vyake: ni lino tupu lililonyolewa hadi karibu na kitambaa cha nyuma, limejaa njia za patasi, na katikati kuna kisiwa kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, bado kina wino.